Je, Mwendesha Baiskeli Adaiwe Leseni?

Kila lori linapomkanyaga mwendesha baiskeli, na kila baiskeli inapomwangusha mzee aliyekuwa akivuka barabara, hoja ileile huibuka vijiweni: hawa watu wapewe leseni. Waende darasani, wafanye mtihani, wabebe kadi, na asiye na kadi ashuke atembee kwa miguu. Hoja hiyo inasikika kuwa ya haki. Dereva wa gari ana leseni, wa bodaboda anatakiwa awe nayo, wa bajaji hali kadhalika. Kwa nini mtu wa baiskeli, anayepita kwenye lami hiyohiyo, aachwe?

Hoja hii inastahili jibu kamili kuliko linalotolewa kwa kawaida. Wengi wanaoitetea hawana chuki na baiskeli. Wamechoka kuona watu wanaumia, na wameona kwa macho yao baiskeli isiyo na taa ikichomoza gizani mbele ya gari. Uchungu wao ni wa kweli. Ninachobishana nacho ni dawa wanayoipendekeza, kwa sababu popote ilipojaribiwa imewaangukia wasiokusudiwa, na wale waliokusudiwa ikawapita pembeni.

Kwanza tutenganishe mambo, maana anayedai leseni huwa anadai mambo manne kwa pamoja. La kwanza ni cheti cha kuthibitisha kwamba mtu anajua kuendesha. La pili ni namba ya kukitambulisha chombo, ili anayegonga na kukimbia apatikane. La tatu ni bima ya kumlipa aliyeumizwa. La nne ni ada, ili naye achangie barabara anayoitumia. Kila moja lina historia yake na jibu lake, na mjadala wetu huvurugika kwa sababu mtu akijibiwa kuhusu moja, hurukia jingine.

Leseni ya baiskeli si jambo geni huku kwetu. Enzi za Mwingereza, mabaraza ya miji na ya wenyeji katika Afrika Mashariki na ya Kusini yalitoza ada ya baiskeli, na aliyelipa alipewa kibati kidogo chenye namba cha kufunga kwenye fremu. Wazee wa Zanzibar, Kenya na Tanganyika waliokuwa na Raleigh zao wanavikumbuka vibati hivyo. Hakuna aliyemuuliza mwenye baiskeli kama anajua kupinda kulia au kusimama penye makutano. Aliulizwa kama amelipa. Mkulima aliyeuza pamba au kahawa yake akanunua baiskeli alikuwa ameionyesha hadharani mali yake ya kwanza, na serikali ya kikoloni iliyokuwa ikitafuta mapato kila kona ilijua pa kumshika. Naikumbusha historia hii kwa sababu anayependekeza leseni leo hudhani anabuni kitu kipya cha kuokoa maisha. Kibati kilikuwepo, kilikusanya senti, na hakikumfundisha mtu yeyote kuendesha.

Sasa tuliangalie jambo la kwanza, ujuzi, kwa kuwa ndilo lenye uzito. Kwa nini dereva wa gari anatakiwa kuthibitisha ujuzi wake mbele ya dola? Ni kwa sababu ya madhara anayoweza kuwasababishia wengine. Hesabu yake ni rahisi, na mwanafunzi wa fizikia wa sekondari anaweza kuihakiki. Mtu na baiskeli yake wana uzito wa kilo 85 hivi, na mwendo wao wa kawaida ni kilomita 15 kwa saa. Gari dogo lina kilo 1,500, na ndani ya mji linaruhusiwa kwenda kilomita 50 kwa saa. Ukikokotoa nishati ya mwendo, ile inayovunja mifupa wakati wa kugongana, gari hilo linabeba karibu mara 200 ya ile ya baiskeli. Lori la tani 20 kwa mwendo huohuo linabeba zaidi ya mara 2,500. Hapo ndipo sheria ya leseni ilipozaliwa. Mashine inayoweza kuua watu wengi kwa kosa la sekunde moja haikabidhiwi kwa yeyote anayeitaka.

Takwimu za dunia zinaelekea huko huko. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani mwaka 2021. Kati yao asilimia 23 walikuwa watembea kwa miguu, asilimia 21 walikuwa kwenye pikipiki na vyombo vya magurudumu matatu, na asilimia 6 walikuwa waendesha baiskeli. Hawa wote ni waliokufa. Waliowaua, kwa sehemu kubwa kabisa, walikuwa kwenye vyombo ambavyo tayari vinatakiwa kuwa na leseni.

Haimaanishi kwamba baiskeli haiui. London, mwaka 2016, mwanamke aliyekuwa akivuka barabara aligongwa na kijana aliyekuwa kwenye baiskeli isiyo na breki ya mbele, naye akafariki. Mwaka uliofuata kijana huyo alihukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa kutumia sheria ya mwaka 1861, iliyotungwa wakati wa magari ya farasi. Kesi ile iliwatikisa Waingereza, na wengi walidai leseni. Ukiitazama kwa karibu, utaona kwamba kilichokosekana kilikuwa breki, na sheria ya kisasa ya kumwadhibu anayeua kwa uzembe akiwa kwenye baiskeli. Mtuhumiwa alipatikana bila namba ya usajili, na hakufungwa kwa kosa la kukosa cheti.

Tuna ushahidi wa nyumbani pia, nao ni bodaboda. Tanzania ilirasimisha pikipiki za abiria kwa kanuni za mwaka 2010. Dereva anatakiwa apitie mafunzo, awe na leseni ya daraja lake, avae kofia ngumu, pikipiki iwe na namba na bima. Kwa maandishi hakuna kilichosahaulika. Nenda lakini hospitali yoyote kubwa ukaangalie wodi ya mifupa, uone vijana waliofungwa vyuma miguuni na uulize wameumizwa na nini. Wengi walianza kubeba abiria siku ileile walipojua kubadilisha gia. Leseni ilikuwepo katika sheria; kituo cha mafunzo kilicho karibu na bei wanayoimudu havikuwepo, na barabara waliyopewa ilikuwa ileile ya kugombania na malori. Kama kwa chombo chenye injini, chenye namba nyuma na kinachoingiza pesa kila siku tumeshindwa kuifanya leseni iwe na maana, nani ataisimamia kwa baiskeli za Tanga, Shinyanga na Pemba, zilizosambaa hadi kijiji cha mwisho ambako trafiki hajawahi kufika?

Hata hivyo, mtetezi wa leseni ana hoja moja ambayo sitaki kuikwepa. Anasema: njoo uone wanavyoendesha. Ni kweli, njoo tuone.

Simama alfajiri kando ya Barabara ya Nyerere, upande wa Gongo la Mboto, muda ule mwanga haujakaa sawa. Watakuja wauza mkaa kutoka Pugu na Kisarawe. Mwangalie mmoja. Baiskeli ni ile ndefu, nyeusi, ya fremu nzito. Gunia moja limelazwa juu ya karia, jingine limesimamishwa kwa nyuma yake, na yote yamekazwa kwa vipande vya tyubu kuukuu. Mzigo umempita kichwa. Raba za breki ya nyuma zimeisha, kwa hiyo penye mteremko anashuka na kuizuia baiskeli kwa kiwiliwili chake chote. Taa hana. Anapita kwenye bega la barabara mpaka anapofika kituoni, ambako daladala mbili zimeingia kwa kasi na kuziba njia yote, kondakta wa moja akipiga bodi kuita abiria. Huyu mtu sasa ana mambo mawili: asimame, na kuuanzisha tena mzigo ule si kazi ndogo, au aingie kwenye lami na nyuma yake kuna basi linalopiga honi. Anaingia kwenye lami.

Mpe mtihani wa leseni asubuhi hiyohiyo. Atafaulu. Anajua kwamba inatakiwa apite kushoto, anajua asubiri. Kosa alilolifanya halikutokana na kutojua; lilitokana na aliyechora barabara kutomweka kwenye mchoro.

Wapo pia wanaopita upande usio wao, uso kwa uso na magari. Madereva huwaona wendawazimu. Ukiwauliza watakujibu kwa utulivu kabisa kwamba wanaogopa zaidi gari wasiloliona mgongoni kuliko wanaloliona usoni. Woga huo una sababu, lakini uamuzi ni mbaya: kasi ya vyombo viwili vinavyoelekeana hujumlishwa, na dereva anayeingia barabara kuu kutoka mtaani hutazama upande magari yanakotoka, hivyo humgonga anayetokea upande wa pili bila hata kumwona. Hapa elimu inahitajika kweli, na ninakubali bila kinyongo kwamba watu wengi wa baiskeli hawajawahi kufundishwa jambo hili na mtu yeyote. Swali ni kama mlango wa elimu hiyo ni dirisha la malipo ya leseni.

Na giza nalo. Zamani baiskeli nyingi zilikuja na dainamo, kile kichupa kinachosugua tairi na kuwasha taa ya mbele. Leo nyingi zinauzwa hazina taa hata moja, na kiakisi mwanga cha nyuma kikivunjika hakirudishwi. Dereva anayelalamika kwamba amekaribia kumgonga mtu asiyeonekana anasema kweli tupu. Lakini kadi iliyo mfukoni haing'ai usiku. Kama kuna kanuni moja ningependa ipitishwe kesho, ni ya kumkataza muuzaji kukabidhi baiskeli, mpya au ya mtumba, bila viakisi mbele, nyuma na kwenye magurudumu, pamoja na taa inayofanya kazi. Dukani ndipo pa kumshika mtu mmoja badala ya kuwakimbiza watu elfu barabarani.

Sasa tutazame gharama. Leseni ya udereva hupitia chuo, kwa trafiki wa kupima, kisha Mamlaka ya Mapato. Kila hatua ina nauli, siku iliyopotea na malipo. Kwa mwenye gari, hayo ni sehemu ndogo ya thamani ya gari lake. Kwa mwenye baiskeli ya mtumba, gharama zote hizo zikijumlishwa zinaweza kuikaribia bei ya baiskeli yenyewe. Mama anayeuza maandazi mtaa wa pili, mlinzi anayekwenda lindoni saa kumi na mbili jioni, mvuvi anayepeleka dagaa gulioni, hawa ndio wenye baiskeli. Wachache watalipa. Wengine wataendelea kuendesha bila kulipa, na kila wakisimamishwa watatoa cha kutoa ili wapite. Waliobaki wataiegesha baiskeli ukutani na kurudi kutembea kwa miguu, ambako, kama tulivyoona, watu wengi zaidi wanakufa kuliko kwenye baiskeli.

Kundi ninaloliogopea kuliko yote ni watoto. Leseni yoyote lazima iwe na umri wa chini. Je, uwe miaka 18? 16? Mwanafunzi wa kidato cha kwanza ana miaka 13 au 14, na shule ya kata inaweza kuwa kilomita saba kutoka nyumbani. Huko Zambia, utafiti uliofanywa katika Mkoa wa Kusini uliwapa baiskeli wasichana waliokuwa wakitembea mbali kwenda shule. Muda wa safari ulipungua kwa takriban theluthi moja, na utoro ukapungua kwa zaidi ya robo. Hakuna hotuba ya kuhamasisha elimu ya mtoto wa kike iliyowahi kufanya hivyo kwa haraka namna ile. Sheria ya leseni ingemtoa msichana huyu barabarani siku ya kwanza, na isingemrudishia chochote.

Mji wa Toronto, Canada, ulilipitia jambo hili kwa vitendo. Ulianza kudai leseni za baiskeli mwaka 1935, ukaziondoa mwaka 1957. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba watoto walikuwa wakivunja sheria wakiwa wadogo bila hata kujua, na polisi wakawa maadui wa watoto. Tangu hapo mji huo umelichunguza upya pendekezo hilo zaidi ya mara moja, na kila mara umeliacha: kutunza orodha ya watoto na watu wazima wanaonunua, kuuza na kurithishana baiskeli kunagharimu kuliko ada inavyoingiza, na hakuna aliyeweza kuonyesha ajali zilizopungua. Uswisi ilidai stika ya bima kwenye kila baiskeli kwa miongo mingi, ikaifuta baada ya mwaka 2011. Los Angeles iliachana na leseni za baiskeli mwaka 2009, baada ya malalamiko kwamba polisi waliitumia kama kisingizio cha kuwasimamisha watu waliowalenga kwa sababu nyingine. Uholanzi nayo iliwahi kutoza kodi ya baiskeli, kuanzia mwaka 1924, kwa kibati cha shaba cha kila mwaka, na kodi hiyo ilikoma mwaka 1941.

Japan inasajili baiskeli hadi leo, na usajili ni wa lazima kisheria. Lakini nia yake ni kukabiliana na wizi: baiskeli iliyookotwa inarudi kwa mwenyewe. Mwendeshaji hapewi mtihani wala kadi. Makosa yake yanaadhibiwa, na sheria iliyopitishwa mwaka 2024 imeweka faini za papo hapo kwa waendesha baiskeli wenye umri wa miaka 16 na kuendelea. Naona hapo pana funzo kwa wanaodhani kwamba bila leseni hakuna uwajibikaji. Mtu anaweza kutozwa faini kwa kupita taa nyekundu bila kuwa na leseni, kama vile mtembea kwa miguu anavyoweza kushtakiwa kwa kosa lake bila leseni ya kutembea. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 nayo haimwachi mwendesha baiskeli nje ya wajibu. Ikiwa haisimamiwi, kuongeza kadi juu yake hakutaifanya isimamiwe.

Wapo wanaosema kwamba Wazungu wana njia zao za baiskeli na nidhamu yao, kwa hiyo mifano yao haitufai. Wanasahau kwamba Uholanzi haikuzaliwa na njia hizo. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa kwenye barabara za nchi ile ndogo, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi waliingia mitaani. Walianzisha vuguvugu lililobeba jina zito la kukomesha mauaji ya watoto, wakafunga mitaa, wakalala barabarani na baiskeli zao. Mwaka 1973 ikaja shida ya mafuta, na serikali ikalazimika kuwasikiliza. Ingeweza kujibu kwa kuwadai leseni waliokuwa wakifa. Badala yake ilijenga upya barabara, ikapunguza mwendo mitaani, na baadaye ikawekwa kanuni ya fidia inayombebesha mwenye gari angalau nusu ya hasara anapomgonga mtu mzima wa baiskeli, na hasara yote ikiwa ni mtoto aliye chini ya miaka 14, isipokuwa kwa mazingira ya pekee kabisa. Mwaka 2022 vifo vyote vya barabarani vilikuwa 745. Tusiwapambe kupita kiasi: 291 kati ya hao walikuwa waendesha baiskeli, idadi kubwa kwa viwango vyao, na wengi ni wazee. Lakini hata sasa jibu lao si leseni.

Zipo pia nambari zinazoeleza kwa nini kuwapunguza waendesha baiskeli ni hatari kwa wanaobaki. Mwaka 2003 mtafiti wa Marekani, Peter Jacobsen, alichapisha uchambuzi wa takwimu za miji na nchi mbalimbali na kuonyesha kwamba pale watu wa baiskeli wanapoongezeka maradufu, hatari ya kila mmoja wao hupungua kwa takriban theluthi. Madereva wanapozoea kuwaona, huwatazamia. Leseni ikiwaondoa nusu, wale walioshikilia kadi zao kwa utiifu watajikuta wachache na wageni machoni pa madereva.

Suala la ada ya barabara nitalipitia haraka, kwa kuwa halisimami. Wanasema mtu wa baiskeli anatumia barabara bure. Barabara za Tanzania zinatunzwa kwa fedha za Mfuko wa Barabara, ambazo kwa sehemu kubwa zinatokana na tozo ya mafuta: anayechoma mafuta mengi, kwa kawaida akiwa na chombo kizito, analipa zaidi. Hata ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile stika ya kwenye kioo, ilifutwa katika bajeti ya mwaka 2017/18 na nafasi yake kuchukuliwa na nyongeza kwenye mafuta. Kwa hiyo anayetaka baiskeli ilipiwe kila mwaka anataka ilipe kile ambacho gari limesamehewa. Na uharibifu? Wahandisi wa barabara hukadiria kwamba uchakavu wa lami hupanda kwa kipeo cha nne cha uzito ulio juu ya ekseli. Ekseli ya lori yenye tani 10 ni mara 200 ya kilo 50 za ekseli ya baiskeli. Zidisha 200 kwa yenyewe mara nne na utapata zaidi ya bilioni moja na nusu. Hakuna karani atakayeweza kumwandikia muuza maziwa stakabadhi ya sehemu yake.

Kuna mahali ambako mawazo haya ya kuwaona watu wa baiskeli kama kero hufikia. Machi 2022, mamlaka za Burundi zilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji za abiria katikati ya jiji la Bujumbura. Sababu iliyotajwa ilikuwa usalama. Ajali za baiskeli huko ni za kweli, na kila aliyepita barabara ya kutoka Bugarama amewaona vijana waliopakia ndizi wakishuka mlima kwa kasi ya kutisha, na wengine wakipanda kwa kushikilia nyuma ya malori. Hao wanahitaji kuzuiwa kabisa kwa kosa hilo. Lakini mfagio ule uliwazoa pia waliokuwa wakienda kazini taratibu, na maelfu waliamka asubuhi wakiwa watembea kwa miguu. Leseni isiyolipika ni marufuku ya aina hiyohiyo iliyopewa lugha laini.

Ujuzi basi utoke wapi? Utoke shuleni. Ujerumani watoto wa darasa la nne hufundishwa baiskeli, askari polisi wakishiriki, na mwishoni hupimwa. Uholanzi wanafunzi wa miaka 11 na 12 hufanya mtihani wa usalama barabarani, wa kuandika na wa kuendesha. Mtoto akishindwa hanyang'anywi baiskeli, anarudi kujifunza. Shule zetu za msingi zina viwanja, zina walimu wa michezo, na karibu kila kijiji kina fundi baiskeli anayejua kukaza cheni na kubadilisha raba za breki. Vipindi vichache kwa mwaka katika darasa la tano na la sita vingetosha: kupita kushoto, kutazama nyuma bila kuyumba, kuonyesha mkono kabla ya kupinda, kukagua breki, kutokaa kwenye ubavu wa lori linalokata kona kwa sababu dereva hakuoni. Hili la mwisho pekee lingeokoa watu.

Na barabara nayo ifanye sehemu yake. Mradi wa mabasi ya mwendokasi ulipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, ulikuja na njia za baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro, jambo la kujivunia. Pita leo Magomeni au Manzese uone hali yake: bodaboda wamezigeuza njia ya mkato, meza za bidhaa zimesogea mpaka ukingoni, magari yameegeshwa juu yake. Waendesha baiskeli wa jiji, kupitia umoja wao wa UWABA, wamekuwa wakipiga kelele kwa miaka mingi wakidai njia zao na heshima yao. Askari ambaye angepewa kazi ya kukagua leseni za baiskeli, apewe kwanza kazi ya kuzisafisha njia hizo.

Kuna mipaka miwili ambapo mimi mwenyewe ningekubali leseni. Wa kwanza ni anayebeba abiria kwa malipo. Biashara ya bodaboda ilianza na baiskeli, huko Busia mpakani mwa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960, na mpaka leo katika miji ya Kanda ya Ziwa kuna vijana wanaopakia watu kwenye karia iliyotandikwa mto wa sponji. Abiria ameweka maisha yake mikononi mwa mtu asiyemjua na amemlipa. Ana haki ya kujua kwamba breki zimekaguliwa na mwendeshaji amepimwa. Halmashauri ikishirikiana na vyama vya waendeshaji inaweza kutoa kibali cha bei nafuu na vesti yenye namba, bila kumgusa mwanafunzi wala mkulima.

Wa pili ni umeme. Baiskeli za betri zimeanza kuingia, na baadhi ya vinavyoitwa baiskeli ni pikipiki zilizowekewa pedeli za mapambo. Umoja wa Ulaya umechora mstari: mota isiyozidi wati 250, inayosaidia tu mtu anapokanyaga, na kukatika ikifika kilomita 25 kwa saa, hiyo ni baiskeli na haidai leseni. Inayosaidia mpaka kilomita 45 inahesabiwa pamoja na pikipiki ndogo: ina namba, ina bima, na mwendeshaji ana leseni. China, yenye vyombo vya umeme vingi kuliko nchi yoyote, iliweka kiwango chake mwaka 2019: kilomita 25 kwa saa, wati 400, na uzito usiozidi kilo 55. Shirika letu la Viwango lingeweza kuuchora mstari kama huo sasa, kabla maghala hayajajaa vyombo ambavyo hakuna anayejua aviite nini. Ukichelewa, ajali ya kwanza kubwa ya chombo cha aina hiyo itazua kelele, na sheria itakayotungwa kwa hasira haitatofautisha mota ya kilowati mbili na baiskeli ya Phoenix ya babu.